Kuandika hadithi za hisia nzito: shajara ya muhula mmoja, Kampala

17 Agosti 2024: kuanza

Washiriki 11, wanafunzi wa chuo kikuu wa mwaka wa pili na wa tatu. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa saba, chumba cha semina cha kuazima. Kila mmoja amalize hadithi fupi moja ya Kiswahili, maneno 1,500 hadi 2,500, inayobebwa na hisia moja: majonzi, hasira, aibu au wivu. Mchango ni shilingi 30,000 kwa kichwa, jumla 330,000. Daftari kubwa moja kwa kila mtu, 2,500 kila moja, zimekula 27,500.

Shajara hii ni ya kikundi kingine kitakachotaka kupita njia hii. Kilichokwenda sawa kimetajwa kwa ufupi, kilichoharibika kimepewa nafasi.

Zoezi la kwanza, dakika 20: mtu anapokea simu ya msiba. Kurasa 11 zimekusanywa na kuchapwa bila majina.

24 Agosti: maneno ya insha

Kurasa zimesomwa kwa sauti. Katika 9 kati ya 11, machozi yalitiririka njia mbili mbili. Katika 6 simanzi ilitanda. Kijasho chembamba kipo, moyo uliodunda kama ngoma upo, na yupo mama aliyegaragara kama kuku aliyechinjwa. Hapo kwenye kuku chumba kizima kilicheka, na ukurasa wenyewe ulikuwa wa kifo cha mtoto.

Ugonjwa huu unatoka kwenye insha za shule. Mwanafunzi alipewa alama kwa kila tamathali, akajifunza kwamba panapotokea uchungu ndipo pa kubandika maneno ya kupendeza. Misemo hiyo si mibaya, ila imechoka. Msomaji akiiona mwanzo wake anaijua mpaka mwisho, na jicho lake linaruka kwenda sentensi ya pili.

Dawa ya kwanza ilikuwa faini ya shilingi 200 kwa kila msemo. Haikufaa. Wiki hiyohiyo machozi yalianza kumiminika kama maporomoko ya Murchison: pambo jipya, ugonjwa uleule. Faini imefutwa.

Dawa ya pili imebaki mpaka mwisho wa muhula. Msemo ukikatwa, pengo lake linajazwa na kitendo kimoja cha mkono wa mhusika na kitu kimoja chenye jina lake hasa. Birika, siyo chombo. Mfano kutoka kurasa za siku hiyo:

Kabla: «Aliposikia habari hizo moyo ulimpasuka na machozi yakamtiririka njia mbili mbili.»

Baada: «Akaweka simu juu ya friji. Akaichukua tena, akaifuta unga kwa upindo wa gomesi, akairudisha palepale.»

Unga unasema alikuwa anakanda chapati, kwa hiyo hakuna haja ya kusema. Kuifuta simu ni kazi isiyo na faida yoyote wakati ule, na ndiyo inayouma. Rasimu ya kati ilikuwa na vitendo vitano: alifunga dirisha, akakuna shingo, akahesabu vikombe. Kile cha simu kinatosha. Vitano ni njia mbili mbili zilizoingia kwa mlango wa nyuma.

31 Agosti: kosa kubwa kuliko yote

Kazi ya wiki ilisema: andika jambo lililokuumiza. Maneno matatu, na nusura yavunje kikundi.

Zilikuja kurasa za ukweli mtupu. Mtu akisoma msiba wake mwenyewe mbele ya watu kumi, nani atamwambia aya ya pili ni ndefu? Maoni yote yaligeuka pole. Walioandika hawakupata msaada wa uandishi, na waliosikiliza walirudi hosteli na mizigo ambayo hawakuiomba. Washiriki wawili hawakurudi tena. Michango yao ilikuwa imeshaingia kwenye daftari na karatasi, nao walikataa kurudishiwa.

Kilichochanganywa hapa ni kazi mbili. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilijitokeza katika miezi iliyofuata, kwa kupungua kwa safari za kwenda zahanati ya chuo. Maandishi yale hayakuwa ya kumpendeza msomaji. Hadithi fupi inamhitaji msomaji tangu sentensi ya kwanza, na mwandishi anayevuja damu hawezi kumwangalia.

Marekebisho yamefanyika hivi. Kila wazo la hadithi linahamishwa mara tatu kabla halijaandikwa: mhusika awe na jinsia, umri au kazi tofauti na ya mwandishi, mahali pabadilike, na mwisho wa jambo usiwe ule uliotokea. Kinachoruhusiwa kubaki ni kitu kimoja kidogo tu, kwa mfano harufu ya mafuta ya taa au kiti kisicho na mguu mmoja. Tumegundua kwamba kitu hicho kidogo hubeba uchungu wote kikiachwa kifanye kazi peke yake. Jambo ambalo halijafikisha mwaka mmoja haliguswi. Yeyote anaweza kusema «ruka» wakati wa kusoma, wala haulizwi sababu. Namba ya ofisi ya ushauri nasaha ya chuo imebandikwa ndani ya jalada la kila daftari.

Anayeanzisha kikundi kama hiki aweke masharti haya wiki ya kwanza, asingoje ya tatu.

14 Septemba: Kiswahili cha nani?

Tatizo hili mwandishi wa Mombasa au Morogoro halijui. Hapa Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, lakini masikio ya wengi yalikipokea kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Misako ya Kampala ya miaka ya 1980 mpaka leo inaitwa kwa jina la amri yenyewe ya Kiswahili: panda gari. Mzee wa Luweero, kulikopiganwa vita miaka hiyo, akisoma «njoo hapa, mwanangu» anaweza kusikia kizuizi cha barabarani kabla hajasikia upendo.

Rasimu 4 zilianguka hapo. Bibi wa Kiganda anamfariji mjukuu kwa Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari: «Jipe moyo mjukuu wangu, hakika kila nafsi itaonja mauti.» Hakuna bibi wa Masaka asemaye hivyo. Jaribio la kumpa methali za pwani lilizidi kuharibu. Sasa akawa bibi wa Lamu aliyepotea njia.

Kilichofaa: kabla ya mazungumzo kuandikwa, pembeni ya ukurasa inaandikwa lugha ambayo mhusika anaisema kweli. Kama ni Kiganda au Kiacholi, Kiswahili chake kwenye ukurasa kiwe cha sentensi fupi, kisicho na mapambo ya pwani. Maneno yasiyo na ndugu yaachwe yalivyo. «Kitalo», neno la Kiganda la kumfariji mfiwa matangani, ni zito kuliko «pole». Pole unampa hata aliyejikwaa. Na Kiswahili cha amri apewe mwenye nacho: askari, mlinzi wa geti, kondakta mkali. Katika hadithi moja baba, askari mstaafu, anazungumza Kiluo nyumbani, ila akiwa na woga anaingia Kiswahili: «Kaa chini. Usisogee.» Watoto wanadhani amekasirika. Msomaji anaelewa kabla yao. Hiyo ndiyo faida ya historia mbaya ya lugha, kwamba hofu imeshahifadhiwa ndani yake na mwandishi anaikuta tayari.

Majina nayo yana kazi. Nakato ni pacha wa pili wa kike, kwa hiyo jina lake peke yake linasema kuna Babirye. Babirye akiondoka, kila anayemwita Nakato anamtaja na asiyekuwepo. Rasimu moja ilikuwa na aya nzima ya «alimkumbuka dada yake kila siku». Imefutwa; sasa watu wanamwita tu, mara tatu katika ukurasa mmoja. Na Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka. Mwandishi aliyeandika «alifariki» alirudishiwa karatasi.

28 Septemba: ghala bila mwenye ghala

Zoezi la mwalimu Mmarekani John Gardner: eleza ghala kama linavyoonekana na baba ambaye mwanawe ameuawa vitani, bila kumtaja mwana, vita, kifo, wala huyo baba anayetazama. Limechukua Jumamosi mbili.

Wiki ya kwanza kila mtu alijichagulia mahali. Yakaja makaburi mawili, wodi moja na nyumba tupu nne. Mahali pa namna hiyo panalia kwa niaba ya mwandishi. Halafu vikaja viashiria: kunguru, wingu jeusi, ua lililonyauka. Hivyo ni kutaja kifo kwa jina la utani.

Wiki ya pili mahali palipigiwa kura kutoka kwenye kofia: sehemu ya kuoshea magari, stendi ya teksi, kinu cha mahindi, duka la vocha. Ikaongezwa sharti: kila mtu aandike mara mbili, mahali palepale, vitu vitano vilevile. Mara ya kwanza anayetazama amefiwa, mara ya pili amepata ufadhili wa masomo. Kurasa mbili zikiwekwa sambamba, tofauti inaonekana hata kwa asiyesomea fasihi. Hii ni sehemu ya kinu:

«Mkanda wa mashine umeshonwa mara tatu. Debe la kwanza limejaa. La pili limejaa. La tatu limebakiza vidole vinne. Mlangoni kuna sapatu saba.»

Aliyepata ufadhili, kwenye kinu hichohicho, anaona nani yupo, unga unavyowafanya watu wote wawe wazee, nani anadaiwa. Aliyefiwa anahesabu wala hafiki kwenye jibu. Sapatu saba ni namba isiyogawanyika kwa mbili, na hakuna anayeuliza ya nane iko wapi. Mwandishi alitaka kuongeza «moja ilikuwa imekosa mwenzake». Tulimwomba afute, akakataa kwa wiki mbili, mwishowe akafuta.

5 Oktoba: hasira

Rasimu zote za hasira zilikuwa na kelele, na mbili zilikuwa na alama za mshangao tatu tatu. Hasira ikishapigwa kelele imekwisha. Msomaji hana cha kungojea.

Mfano uliofanyiwa kazi zaidi ni wa matanga. Kwenye misiba ya Buganda huwa kuna anayekaa na daftari akiandika mabugo, yaani michango ya msiba: jina, halafu kiasi. Zamani yalikuwa nguo za magome ya mti wa mutuba za kumvika marehemu, siku hizi ni pesa. Katika rasimu ya kwanza Kizza, aliyefiwa na mama, anaona baba yake, aliyeitelekeza nyumba miaka mingi, ametoa shilingi 5,000. Anapindua meza na kutoa hotuba ya mistari 14. Rasimu ya nne:

«Ssalongo, elfu tano,» Kizza alisoma. «Ameandika mwenyewe?»

«Nimemwandikia mimi.»

«Irekebishe hiyo sifuri ya mwisho. Inaonekana kama sita.»

Haiendelei zaidi ya hapo. Anamwita baba yake Ssalongo, jina la heshima la baba wa mapacha, kama watu wa nje wanavyomwita. Anagombea shilingi sita. Lakini ile mistari 14 haikupotea bure: mwandishi aliyejaribu kuirukia sifuri moja kwa moja alipata mazungumzo baridi yasiyo na kitu chini yake. Hotuba iandikwe yote, kwa hasira yote, kisha ikatwe. Jipangie saa moja ya kuandika kitu kitakachotupwa.

19 Oktoba: aibu, haya, fedheha

Tulianza kwa kudhani ni kitu kimoja. Haya iko ndani ya mtu na humpa sifa njema. Asiye na haya ndiye anayelaumiwa. Aibu ni yako, hata kama hakuna aliyeona. Fedheha inahitaji watu. Mwandishi asipochagua, tukio linayumba.

Zoezi: mwanafunzi kwenye foleni ya chumba cha mtihani, hana kibali kwa sababu ada haijaisha. Kwanza aandikwe akiwa peke yake na msimamizi, kisha wakiwepo watu 30 nyuma yake. Wengi walidhani la pili litakuwa zito zaidi. Likawa jepesi, kwa kuwa watu 30 hawana sura. Lililofanya kazi ni la tatu, lililotokea kwa bahati: foleni nzima haijui, ila kuna mmoja anayejua, na huyo anasogea pembeni kumpa nafasi ya kuondoka bila kuonekana. Fadhila ile ndiyo iliyomchoma. Tangu hapo sheria ikawa shahidi mmoja, mwenye jina, na ikiwezekana mwenye huruma.

26 Oktoba: -ka-, hu-, -nge-

Kosa la karibu wote: tukio likifika kwenye pigo, mwandishi anapunguza mwendo, anatoa aya tatu za kilio. Geuza. Pigo lipite kwa sentensi moja, mwendo upungue baadaye, kwenye kitu kisicho na maana.

Kiswahili kina vifaa vyake vya hili, viambishi vya kitenzi, na tulikuwa hatuvitumii. Mfululizo wa -ka- (akaamka, akaoga, akavaa, akakaa) unafaa kwa mtu aliyekufa ganzi, maana vitendo vinafuatana bila mwenyewe kuwemo. Ukizidi vitano unakuwa hadithi ya sungura na fisi. Hu- ni ya majonzi ya muda mrefu: «hupika chakula cha watu wanne» kwenye nyumba ya watatu haihitaji maelezo. Na -nge- ndiyo ya majuto, lakini moja kwa hadithi. Hadithi moja ilikuwa na 11. Zimebaki mbili, na ya pili ipo kwa sababu mwandishi alishinda kwenye ubishi.

9 Novemba: wasomaji wa nje

Hadithi 7 zimepewa wasomaji 6 wasio wa kikundi. Hawakuambiwa hisia iliyokusudiwa. Waliombwa mambo mawili tu: wapige mstari pale waliposimama kidogo, na waandike neno moja mwishoni.

Tulikosea kwa kuwapa kwanza karatasi ya maswali kumi. Walijibu kama mtihani, kwa misemo ya uhakiki: «mwandishi amefaulu kuonyesha huzuni». Karatasi ilitupwa. Mstari wa kalamu husema kweli zaidi. Hadithi ya Kizza ilipigwa mstari kwenye sifuri na wasomaji 5. Hadithi moja ya majonzi iliandikiwa «hasira» na wanne. Mwandishi aliangalia upya, akakubali kwamba wasomaji wako sahihi, akabadilisha mwisho tu.

23 Novemba: uchapishaji na hesabu

Kijitabu cha A5, kurasa 48, nakala 40, kwenye duka la fotokopi Wandegeya. Kurasa 48 zinaingia kwenye karatasi 12 za A4, pande 24, shilingi 100 kwa upande: 2,400 kwa nakala, 96,000 kwa zote. Jalada la rangi 1,500 kila moja, 60,000. Kupiga pini na kukata 500, 20,000. Jumla 176,000.

Nakala mbili za majaribio zimeharibika (4,800), kwa kuwa faili lilipelekwa likiwa na kurasa zilizofuatana 1, 2, 3. Kijitabu cha kukunja huhitaji ukurasa wa 48 ukae upande mmoja na wa 1, wa 2 na wa 47, na kadhalika. Kompyuta ina chaguo la kupanga kijitabu wakati wa kuchapisha. Litumike, na jumla ya kurasa igawanyike kwa nne. Nakala ya kwanza ikunjwe na isomwe dukani palepale kabla ya kuruhusu nyingine 39.

Fotokopi za rasimu kwa Jumamosi 13 zimefika 98,400. Zingekuwa nyingi zaidi kama tusingeanza kusoma wawili wawili karatasi moja wiki ya nne. Matumizi yote 306,700, zimebaki 23,300. Chai kila mtu alijinunulia.

Hadithi mbili hazikumalizika, na zote mbili ni za wivu. Tumejaribu kutenga maneno: wivu ni wa kulinda ulichonacho, husuda ni ya kutamani cha mwenzio kimwondoke. Hilo lilisaidia kidogo, halikutosha. Katika rasimu zote mwenye husuda alikuwa mbaya tangu sentensi ya kwanza, na msomaji hakuwa na sababu ya kukaa naye. Lugha yenyewe imeshamhukumu: hasidi hana sababu, kanga zimesema. Hadithi haiwezi kwenda bila sababu.

Masalio yamewekwa kwa ajili ya karatasi za muhula ujao. Zoezi la kwanza la Februari limeshaandikwa: dada wawili wanashona kwenye duka moja, mashine mbili, wateja wanaingia mlango mmoja. Andika ukurasa mmoja kutoka kwa yule ambaye mashine yake iko mbali na mlango. Asimchukie mwenzake mpaka mstari wa mwisho, na hata hapo asiseme.